Kutoka Bwaki hadi Ekitobero: Chakula cha Mtoto kati ya Lwiro na Mulago

Mwezi uliopita mdogo wangu alinitumia sauti kwa WhatsApp kutoka Nakivale. Mtoto wake wa tatu anakaribia miezi 6. "Dada," anasema, "mgao umekatwa, nimebaki na unga wa mahindi na maharage ya deni. Nimuanzishe na nini?" Nyuma ya sauti yake nasikia mvua kwenye mabati. Nilimjibu haraka yale ninayoyajua. Usiku sikulala vizuri, nikawaza kwamba jibu nililompa lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilifanyika karibu kabisa na mlango wangu, hapa Bukoto. Wengi wetu tunapita pale kila siku kwa boda bila kujua.

Nilifika Kampala mwaka 2013 kutoka Kabare, Kivu ya Kusini. Tulipanga muzigo mmoja Bukoto, chumba cha mlango mmoja na dirisha moja, nyuma ya soko. Wasomaji wa kambini mnajua, lakini wafanyakazi wa mashirika wapya huenda hawajui: mkimbizi anayekaa mjini kwa kawaida hapati mgao wa chakula. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inakuruhusu kutembea na kufanya kazi, na ukishaamua kukaa mjini, tumbo ni lako mwenyewe. Basi mimi nikawa nazungusha vitenge mjini kuanzia asubuhi, na mtoto wangu wa kwanza, alikuwa na miezi 7, nilimwacha kwa binti wa jirani.

Nilikuwa mama mwangalifu, hivyo ndivyo nilivyojiona. Saa 11 alfajiri nawasha sigiri, napika uji wa masoso, yaani mahindi, soya na mtama, kama kwetu. Namimina kwenye chupa ya chai, nafunga vizuri, namwambia binti: mpe saa 4, mpe saa 7, mpe tena jioni. Uji ulikuwa bado vuguvugu nikirudi. Nilifurahi sana kwa ile vuguvugu! Kumbe ndiyo iliyokuwa inaniharibia mtoto.

Akaharisha. Akapona, akaharisha tena. Nilimpeleka kliniki moja, nikapewa dawa ya maji ya chupa, nikalipa, na hakuna mtu aliyeniuliza mtoto anakula nini, nani anamlisha, chakula kinakaa wapi. Mara ya tatu nikaona miguu imenona. Nikabonyeza kwa kidole gumba, shimo likabaki. Pale nikaishiwa nguvu, maana kwetu Bushi kila mwanamke anajua hilo shimo linaitwaje. Ni bwaki.

Bwaki ni jina la zamani. Mama yangu alizika mtoto wa bwaki kabla mimi sijazaliwa, na hakuwahi kumtaja bila kuinamisha macho. Si mbali na kijiji chetu kuna Lwiro, kituo kikubwa cha utafiti ambacho Wabelgiji walikianzisha mwaka 1947 kwa jina la IRSAC. Pale walichunguza volkano, nyani, samaki wa ziwa, na pia watoto wetu waliovimba. Hospitali ya watoto ya Lwiro imetibu bwaki kwa miaka mingi. Wazee walikuwa wanasema ugonjwa unakuja pale mama anapopata mimba nyingine: aliye tumboni anamwonea wivu aliye mgongoni. Tulicheka maneno hayo shuleni. Siku hizi sicheki sana, na nitaeleza kwa nini.

Mwenye nyumba wetu alikuwa jjajja wa Kiganda, mtu mkali wa kodi. Alipoiona miguu ya mtoto hakusema bwaki, alisema "obwosi". Halafu akasema: "Mutwale e Mulago." Mpeleke Mulago, Mwanamugimu. Nikapanda boda, tukafuata Kira Road, tukapita Kamwokya, na hata dakika 15 hazikuisha tulikuwa tumefika.

Sasa niwapeleke nyuma kidogo, maana hiyo Mulago si hospitali tu.

Jina ambalo dunia nzima inatumia kwa bwaki ni kwashiorkor. Ni neno la Waga wa Ghana. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi huko Gold Coast, aliandika juu ya ugonjwa huu mwaka 1933, na mwaka 1935 akaliingiza jina lenyewe katika jarida la madaktari la Lancet. Maana aliyopewa na wanawake wa huko ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa nafasi yake wakati mdogo wake anapozaliwa. Angalia vizuri: Waga, Waganda na Washi hawajawahi kukaa kwenye baraza moja, na wote walikuwa wanaelekeza kidole mahali pamoja. Mtoto anaugua anapotolewa kwenye ziwa na kuingia kwenye sahani. Wivu wa mimba ilikuwa lugha tu. Walichokiona kilikuwa kweli.

Madaktari wa Mulago walichelewa zaidi kuliko bibi zetu. Hugh Trowell, Mwingereza aliyefanya kazi miaka mingi Kenya na Uganda, mwanzoni aliuita aina ya pelagra ya watoto. Baadaye, yeye na J.N.P. Davies na Rex Dean, walitoa kitabu kikubwa chenye jina Kwashiorkor mwaka 1954. Miaka 2 kabla yake, Brock na Autret walikuwa wamezunguka Afrika kwa niaba ya mashirika ya Umoja wa Mataifa na kuandika ripoti iliyoufanya ugonjwa huu uwe habari ya dunia. Kampala ikawa mahali ambapo wataalamu wote wa lishe walitaka kufika. Baraza la utafiti wa tiba la Uingereza liliweka kikosi chake palepale Mulago, chini ya Dean.

Si kila mama alifurahi. Uchunguzi ulihitaji damu ya mtoto, na wakati mwingine hata kipande cha ini kilichotolewa kwa sindano. Watu wa vijijini waliogopa, wakanong'onezana juu ya wazungu wanaochukua damu. Nikisikia leo kambini mama anakataa mtoto wake apimwe mkono kwa ule utepe wa rangi, nakumbuka kwamba woga huo una babu yake.

Dawa ya kwanza iliyofanya kazi ilikuwa maziwa. Unga wa maziwa yaliyotolewa mafuta, uliokuwa ukitolewa kwa wingi na nchi tajiri baada ya vita, uliwafufua watoto ambao zamani wangekufa. Hapo ndipo kosa likaingia kwa mlango wa nyuma. Mama anaona mtoto wake anapona kwa maziwa ya unga. Akirudi nyumbani anafikiri maziwa ya unga ndiyo dawa, na chupa ya kunyonyeshea ndiyo kijiko chake. Daktari Hebe Welbourn, aliyeendesha kliniki za watoto karibu na Kampala, aliandika mwaka 1955 juu ya hatari ya kipindi cha kuachishwa ziwa, na mwaka 1958 akaandika juu ya chupa kama tatizo la ustaarabu wa kisasa. Chupa inahitaji maji yaliyochemshwa, kuni, sabuni, brashi ya kufikia shingo. Mama wa muzigo ana kimoja kati ya hivyo, labda viwili. Maziwa yakapunguzwa kwa maji ili yadumu, chupa ikasuuzwa tu, na kuhara kukarudi.

(Wakati huohuo, mwaka 1954, alifika Kampala mwanamke mmoja, Mary Ainsworth, ambaye hakuwa daktari bali mtu wa saikolojia. Alitaka kuona mtoto wa Kiganda anavyoumia akiachishwa ziwa na kupelekwa kwa bibi. Alikuta desturi hiyo inafifia, basi akakaa kwenye sebule za watu akitazama watoto na mama zao, na kitabu chake cha 1967 bado kinasomwa vyuoni. Nalitaja kwa sababu linanifurahisha kwamba elimu kubwa ya upendo wa mama na mtoto ilianzia kwenye mikeka ya vijiji vya jirani zetu.)

Kilichobadilisha mambo ni Mwanamugimu. Wodi hii ilifunguliwa mwaka 1965, siku ambazo profesa wa watoto Makerere alikuwa Derrick Jelliffe, na jina lake limetoka kwenye methali ya Kiganda inayosema kwamba mtoto mwenye afya hutokana na ngozi, yaani ile ngozi ya kubebea mtoto mgongoni. Wazo lake lilikuwa rahisi mpaka linatia aibu. Mama halazwi kitandani akitazama nesi akimimina maziwa. Mama anapika. Anakaa wiki kadhaa na mtoto wake, anapika kwa vyombo kama vya kwake na chakula kinachouzwa soko la kwake, na anaona kwa macho yake uvimbe unashuka. Akirudi kijijini, mtoto ndiye mwalimu. Jirani wanauliza, umempa nini? Kulikuwa pia na kituo cha namna hiyo kijijini Luteete, huko Bulemezi.

Chakula chenyewe kinaitwa ekitobero, maana yake mchanganyiko. Jinsi nilivyofundishwa mimi: vidole 2 au 3 vya matoke au kiazi kitamu, maharage yaliyolowekwa usiku kucha na kumenywa maganda, au karanga zilizotwangwa, kijiko cha mukene wa unga au yai, na majani ya dodo yaliyokatwa. Vyote vinafungwa pamoja kwenye jani la ndizi lililopashwa moto kidogo. Kifurushi hicho, ettu, kinawekwa juu ya chakula cha familia, kinaiva kwa mvuke saa 3 au zaidi. Unakifungua, unaponda, unalisha kwa kijiko.

Nilikaa nikikitazama kile kifurushi muda mrefu. Maoni yangu, wala sikuyasoma popote, ni kwamba akili yake iko kwenye jani kuliko hata kwenye maharage. Ettu moja ni mlo mmoja. Kinaiva kikiwa kimefungwa, inzi hajakigusa, mkono haujaingia. Kikifunguliwa kinaliwa kikaisha. Hakuna kiporo cha kuweka kwenye chupa ya chai. Na hakihitaji moto wake wenyewe, kinakula mvuke wa sufuria ya wakubwa. Kwa mtu anayenunua makaa ya kopo kwa kopo, hilo si jambo dogo.

Nesi wa pale, mama mtu mzima, aliniuliza swali ambalo kliniki haikuniuliza: "Uji unakaa saa ngapi?" Nikamwambia kuanzia alfajiri mpaka jioni, lakini mama, unakaa na moto! Akatikisa kichwa. Moto wa kuua vijidudu ni ule wa kuchemka. Vuguvugu ni kitanda chao.

Jambo hili nalo lina historia, na inapitia Kampala vilevile. Idi Amin alichukua nchi Januari 1971, mwaka uliofuata akawafukuza Waasia, na wageni wengi wakaondoka. Kikosi cha utafiti cha Waingereza kilifungasha mizigo. Mkuu wake wa mwisho, Roger Whitehead, alienda Cambridge na kazi ya uwanjani ikahamia Gambia. Huko, mwaka 1978, yeye na wenzake Rowland na Barrell walichapisha walichokikuta kwenye bakuli za watoto. Uji uliopikwa asubuhi na kuwekwa mpaka mchana ulikuwa umejaa bakteria kwa kiasi cha kutisha, zaidi sana majira ya mvua, wakati mama yuko shambani na hana nafasi ya kupika mara mbili. Mama wale walifanya nilichofanya mimi, kwa sababu ileile: kazi. Kabla ya hapo wataalamu walikuwa wamegombana miaka juu ya protini, kiasi kwamba mwaka 1974 Donald McLaren aliandika kwamba habari yote ya protini ilikuwa fedheha kubwa. Nani angefikiria kuuliza sufuria imefunikwa na nini?

Watanzania nao walileta lao, na mimi nalipenda kuliko yote kwa sababu halihitaji mfadhili. Miaka ya 1980 wataalamu wa lishe walichunguza kimea, unga wa mtama au ulezi uliooteshwa. Uji mzito wa kumshibisha mtoto hauchoteki, mwepesi haushibishi. Kijiko kimoja cha kimea kinaulainisha ule mzito bila kuongeza maji. Na togwa, uji uliochachushwa, ulionekana kuzuia vijidudu vya kuhara visizaliane haraka kama kwenye uji mtamu. Bibi zetu walikuwa na uji mchachu. Sisi tukauona wa kishamba, tukanunua pakiti.

Lakini tusidanganyane kwamba moto unamaliza kila kitu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yenye ukungu. Sumu ile, aflatoksini, inakaa hata ukichemsha. Mwaka 2016 Tanzania ya kati ikaonja hayohayo. Na Machi 2019, Karamoja, hapahapa Uganda, karibu watu 300 waliugua baada ya kula uji wa unga wa lishe wa msaada, na 5 walikufa. Ndani ya unga mlikuwa na sumu ya mmea uitwao datura, ambayo kuchemsha hakuiondoi. Watu walichanganyikiwa, wakaona vitu visivyokuwepo. WFP ilisimamisha ugawaji wa unga huo. Sisemi haya ili watu waogope msaada. Nasema ili afisa akisikia mama anasema "unga huu una harufu", asimwambie anaringa. Pua ya mama ni kipimo cha kwanza, na mara nyingi ndicho pekee kilichopo.

Mwanangu alikaa Mulago wiki 3. Siku za kwanza alipewa maziwa maalum ya tiba, halafu ile pasta ya karanga ya pakiti, ambayo Mfaransa André Briend aliibuni mwaka 1996. Nesi alinieleza kwa nini ile pakiti haiharibiki upesi: haina maji ndani, na bakteria bila maji hawana maisha. Uvimbe ulianza kushuka siku ya 5. Siku ya 9 alinicheka. Nilipotoka nje nilimpigia mama Kabare, nikamwambia ilikuwa bwaki na imepona. Upande wa pili ukanyamaza, nikafikiri salio limeisha.

Basi jibu nililomtumia mdogo wangu, nalirudia hapa kwa ajili ya wengine walio kwenye hali yake. Mwaka 2025 watu kama milioni 1 waliondolewa kwenye mgao wa chakula Uganda, hali hiyo si ya kwake peke yake.

Ziwa usiliondoe. Mpe mpaka miaka 2, chakula kinaongezwa juu yake. Subiri miezi 6 itimie, usikimbilie uji mwezi wa 4 kwa sababu analia usiku. Anza na vijiko 2 au 3, mara 2 au 3 kwa siku, kizito cha kukaa kwenye kijiko. Akifika miezi 9 mpe mara 3 au 4. Maharage yako ya deni ni mali: loweka usiku, mwaga maji, menya, chemsha mpaka yapondeke kwa vidole, changanya na unga wako. Kama kuna dagaa, kaanga bila mafuta, twanga, chekecha, weka kijiko. Majani yako nyuma ya nyumba, dodo inaota hata kwenye takataka. Osha kwa maji safi. Karanga chagua moja moja, iliyojikunja au yenye ukungu tupa, usimpe kuku wala usiisage na nyingine. Mtama wa kimea otesha siku 2 au 3, kausha juani, vunja vichipukizi uvitupe, saga. Ukitia kwenye uji, uchemshe tena. Asali usimpe kabla ya mwaka.

Mikono kwa sabuni, na kama sabuni imeisha, jivu. Yako na yake pia, maana atashika. Kikombe na kijiko, chupa ya kunyonyeshea hapana. Kilichopikwa kiliwe ndani ya saa 2. Kikibaki, mpe kaka yake. Kama huna makaa ya kupika mara 3, fanya vifurushi, weka juu ya sufuria yenu. Jani la ndizi utapata Nakivale, hata kama ni kwa kuomba kwa Wanyankole. Na akiharisha usimnyime chakula, mpe ziwa zaidi na maji ya chumvi na sukari ya pakiti, na ukibonyeza mguu shimo likabaki usingoje Jumatatu.

Alinijibu kesho yake kwa sauti fupi. "Dada, kimea nimeshaloweka. Lakini hilo la kumpa kaka yake kiporo, kaka yake amekataa, anasema na yeye anataka chake kwenye jani."

Chupa ya chai bado ninayo. Naweka maji yaliyochemka ya kuoshea kijiko.